Kichuguu Kwenye Kiwanja cha Mama

Baba yangu amechimba vyoo maisha yake yote, na anaijua ardhi ya Kasulu kuliko mtu yeyote niliyesoma naye chuo. Nalisema hili mapema ili nisionekane nalificha. Ilinichukua muda mrefu na aibu moja kubwa kulikubali, na kwa kuwa aibu yenyewe iliishia kwenye furaha, sasa naisimulia bila kulazimishwa.

Ukitembea na baba mjini hakuonyeshi nyumba, anakuonyesha kilicho chini yake. "Hapa udongo ni mwekundu mpaka futi kumi na nne, halafu unakutana na changarawe. Pale nyuma ya duka la vitenge maji yako karibu, nilitoka nimelowa mpaka kiunoni." Alichimba Mtabila wakati kambi ya wakimbizi imejaa watu, akachimba shule, zahanati na nyumba za wageni. Akipita mbele ya nyumba ya mtu mkubwa huwa anatabasamu peke yake, kwa sababu anajua shimo lao lina kina gani. Nilipokuwa mdogo nilimwonea aibu. Kwenye fomu za shule niliandika kwamba baba ni mkulima.

Mimi nikawa afisa mipango miji. Nilikuwa nafanya kazi Kibondo nilipoazimwa Kasulu kwa kazi moja tu: kupanga eneo jipya la makazi kwenye mteremko nje kidogo ya mji. Wenye mashamba walikuwa wamekubaliana kuyaunganisha, eneo lote lipimwe, barabara zichorwe, kisha kila familia irudishiwe kiwanja chenye hati, na vinavyobaki viuzwe kugharamia kazi. Familia mojawapo ilikuwa yetu. Niliwaambia wakubwa wangu mapema kwamba wazazi wangu wana kipande pale. Wakasema vizuri sana, basi hutathubutu kuharibu.

Hawakunijua.

Kabla sijafika kwenye uharibifu, lazima niseme juu ya mama. Mama alikuwa hajawahi kulala kwenye nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia atoke. Bibi alivuka kutoka Burundi akiwa na mimba yake, na mama akazaliwa upande huu, kwenye kibanda kilichojengwa kwenye shamba la mtu mwenye huruma. Mwenye huruma alipofariki, watoto wake hawakuwa na huruma hiyo. Baada ya kuolewa, yeye na baba waliishi kwenye ardhi ya kanisa, palepale karibu na mteremko ninaousema, na ndiko nilikokulia mimi. Kisha kanisa likataka kujenga, wakahamia vyumba vya kupanga mjini. Hata karatasi za uraia zilipotoka, mama alizifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka chini ya godoro, akaendelea kutembea kwenye uwanja wa watu kwa unyenyekevu wa mgeni. Walipopata uwezo wa kununua kile kipande cha shamba, jambo la kwanza alilofanya ni kufyatua tofali. Msimu wa kiangazi wakachoma tanuru zima. Tofali zikapangwa, zikafunikwa nyasi, zikawa zinasubiri. Tofali zilikuwapo, ila pa kuziweka hapakuwapo bado, kwa kuwa mashamba yalikuwa yanangoja kupimwa upya.

Kwa hiyo unaelewa niliingia kwenye kazi ile na moyo wa namna gani. Nilitaka mama apate kiwanja kizuri kuliko vyote.

Nilirusha droni. Nilikaa na picha zake kwenye kompyuta siku nyingi, nikachora barabara zikifuata mteremko ili mvua isizichimbe, nikaacha njia za maji, nikatenga eneo la wazi la watoto kule chini. Nilichimba mashimo ya kupima udongo upande wa juu na katikati. Kona ya chini sikuichimba. Kwenye picha, kona ile ilikuwa na migomba mizito, mibichi kuliko kitu chochote kwenye eneo zima, hata mwisho wa kiangazi wakati mahindi ya watu yamebaki mabua. Nikasema udongo unaootesha migomba hivi una haja gani ya kuchimbwa? Nikaandika kwenye ripoti kwa mkono wangu: udongo wa kina, wenye rutuba, tambarare, unafaa kwa makazi. Niliiandika kwa raha kabisa, nikanywa chai.

Ikafika siku ya kuchagua viwanja. Watu walikusanyika chini ya turubai karibu na ofisi ya mtaa, ramani imebandikwa ukutani. Wale ambao nyumba zao zilikuwa tayari ndani ya eneo walibaki na viwanja vilivyozunguka nyumba zao. Waliobaki waliokota karatasi ndani ya kofia ya mwenyekiti wa mtaa ili ijulikane nani anaanza. Baba hakuwapo. Alikuwa Manyovu kwa mwezi mzima, akichimba vyoo vya nyumba ya wageni. Mama akaokota karatasi namba mbili. Namba mbili! Kati ya viwanja vyote, alikuwa na uwezo wa kuchukua karibu chochote.

Akasogea kwenye ramani akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakuiangalia ramani. Alinigeukia mimi, akaningoja. Sikutakiwa kusema neno, nilikuwa mtumishi wa umma. Lakini kidole changu hakikuwa na habari hiyo, kikanyooka chenyewe mpaka kona ya chini. Mama akaweka kidole chake palepale na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hapa."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni. Wanawake waliangaliana. Mzee mmoja alikohoa. Nyuma kabisa alikuwa amekaa bibi mmoja, jirani yetu wa zamani wa upande wa juu, mzaliwa wa Titye aliyeolewa hapo, na nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Nilidhani ni wivu. Kweli, nilidhani hivyo, na nikajisikia vizuri zaidi.

Kufika jioni viwanja vyote vya familia vilikuwa vimekwisha isipokuwa kimoja, kile cha kona ya juu karibu na barabara. Sikujali sana. Ndani yake kulikuwa na kichuguu kikubwa kunipita urefu, nikadhani watu wanaogopa kazi ya kukisawazisha.

Siku chache baadaye tulipanda bikoni, yale mawe ya mipaka. Zege la bikoni za mama halijakauka vizuri, yeye na wanawake wa jumuiya yao wakaja na mafungu ya minyaa, wakaichomeka kuzunguka kiwanja chote kwa mchana mmoja, wakiimba. Huku kwetu hata ukiwa na bikoni za serikali kumi, mpaka bila minyaa hauheshimiki. Mama alikuwa amejipaka udongo mpaka kwenye paji la uso. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu zangu wote. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilinunua soda za watu wote, na mimi kwa soda ni mchoyo.

Baba akarudi kutoka Manyovu. Alishuka na mtaimbo wake begani, akaja moja kwa moja kiwanjani kuona. Nilikuwa nimemngoja pale kwa makusudi, nimevaa kofia ya kazi, nipate kusifiwa. Akasimama kwenye minyaa. Akaangalia migomba. Akaniangalia mimi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka mtaimbo chini, akacheka mpaka akakaa chini naye, akifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Nani kachagua hapa?" akauliza.

"Mama. Mimi nilimwonyesha."

"Yoo! Mwanangu, wewe mwenyewe ulikanyaga udongo hapa. Umesahau?"

Sikuelewa. Akainuka, akashika mtaimbo kwa mikono miwili, akauchoma ardhini katikati ya kiwanja. Mtaimbo ulizama zaidi ya nusu bila yeye kutoa jasho. Akauchomoa, akasogea hatua kumi, akauchoma tena, ukazama vilevile.

"Chimba," akaniambia.

Nikachimba, na kofia yangu kichwani. Shimo la kufika gotini, pana kama karai. Niliutoa udongo wote, nikaulundika pembeni. Kisha akaniambia niurudishe wote na niukanyage. Hii ndiyo maabara ya baba. Ardhi iliyolala tangu enzi, ukiichimba na kuirudisha, udongo unabaki juu, hauenei tena shimoni. Ardhi iliyowahi kufukuliwa, udongo wake haulijazi shimo lake. Nilirudisha, nikakanyaga, nikarudisha mpaka punje ya mwisho. Shimo likabaki na pengo la kiganja kizima. Na katikati ya udongo ule vilikuwa vimetoka vipande vya tofali iliyoungua vibaya, mkaa, na ukanda wa ndala.

Hapo nikakumbuka, na nikatamani nisikumbuke. Huku kwetu kila tanuru la tofali lina shimo lake. Ukishamaliza kufyatua, shimo linabaki, watu wanatupa majivu, maganda, samadi, udongo wa juu unaporomokea humo, na baada ya misimu michache unapanda migomba, kwa sababu hakuna mahali migomba inapofurahi kama kwenye shimo lililojaa takataka na unyevu. Ukiona migomba imenona kupita kiasi, ujue chini yake mtu alifyatua tofali. Hilo linajulikana na kila mtoto wa Kasulu. Na hilo lilikuwa shimo la tofali za kanisa, kubwa kuliko yote. Familia zote zilijitolea, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukanyaga udongo kwa miguu baada ya shule, tukisukumana na kuangushana kwenye tope. Nililikumbuka shimo lenyewe vizuri kabisa. Ila kwenye kumbukumbu yangu lilikuwa mbali sana, kule chini karibu na kijito, kwa sababu miguu yangu ya wakati ule ilikuwa mifupi na njia ilikuwa ndefu. Droni haikuona shimo. Iliona migomba, nami nikaiona migomba pamoja nayo.

"Nyumba hapa itasimama?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Itasimama kiangazi," baba akasema. "Masika italala."

Sikuwa na namna ya kukwepa, ilibidi nimwambie mama. Nilimkuta kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga akichambua maharage. Nilianza kwa maneno ya ofisini, uhimilivu wa ardhi na sijui nini, nikaona ananiangalia kwa upole, nikaacha. Nikasema, "Mama, pale nilipokuonyesha ni kwenye shimo la tofali za kanisa. Nyumba itapasuka. Nimekosea."

Akaendelea kuchambua maharage. "Najua palikuwa na shimo," akasema.

"Unajua?"

"Nilipika uji wa wafyatuaji pale miezi miwili. Nisijue?"

"Sasa mbona ulichagua?"

Akaweka ungo chini. "Wewe ndiye ulinyoosha kidole. Watu wote walikuwa wanaangalia. Nikatae mtoto wangu mbele ya mtaa mzima? Nilisema labda mashine yenu imeona chini kuna kitu sisi hatukioni. Na kama haikuona, baba yako angejaza mawe."

Nilikaa juu ya kinu. Mwanamke huyu aliyengoja nyumba maisha yake yote alikuwa tayari kuijenga juu ya tope ili mimi nisiaibike. Nililia, nasema wazi, nililia kwa kelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akachungulia. Mama akanipa kanga nifute kamasi, akaniambia niache ujinga, maharage yanataka kuloanishwa.

Siku iliyofuata nilimwomba mwenyekiti aitishe watu tena. Nilisimama chini ya turubai lilelile. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaikunja. Nikawaambia kwamba mimi, mtaalamu wao, nimempangia mama yangu mzazi kiwanja kwenye shimo la tofali, na kwamba aliyeligundua ni baba kwa mtaimbo. Nikawaambia sikuichimba kona ile kwa sababu migomba ilinipendeza. Nikamaliza, nikangoja nizomewe.

Bibi wa Titye akainuka pale nyuma. "Sisi tulijua," akasema.

Turubai lilitaka kupasuka kwa vicheko. Walijua wote! Mwenyekiti alijua, mzee aliyekohoa alikohoa kwa sababu alijua. Wengi walidhani serikali itajaza. Wengine walisema kwa adabu kabisa kwamba mtu hamkosoi mtoto wa mwenzake mbele ya mama yake, tena mtoto aliyesoma, tena siku mama amevaa kitenge cha kanisani. Nilicheka nao mpaka mbavu zikaniuma. Aibu niliyoiogopa usiku kucha ilikuwa imekwisha zamani, ilikuwa kwangu peke yangu tu.

Nikawaambia basi, kama mnajua, leo hamtaondoka. Nikaibandua ramani ukutani, nikaitandika chini, nikawapa kalamu. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Kina mama walitambaa kwa magoti juu ya mchoro wangu wakionyeshana: hapa palikuwa na chemchemi, ilihama lakini masika hurudi; hapa ndipo ng'ombe walizikwa mwaka wa ugonjwa; hapa kuna shimo jingine la tofali, dogo, barabara yako itadidimia. Baba alikuwa akizunguka kama mwalimu mkuu, mtaimbo mkononi, akithibitisha. Nilipomtambulisha kwa kijana wa upimaji aliyetoka Dodoma, nilisema, "Huyu ni baba yangu, anachimba vyoo," na nilitamka kila neno. Kabla ya chakula cha mchana mchoro ulikuwa umejaa wino, na nilijua kwa mara ya kwanza kwamba ni mchoro wa mahali fulani kweli.

Lakini mama bado hakuwa na kiwanja. Kona ya chini niliiunganisha na eneo la wazi, migomba ibaki ya watu wote. Cha familia kilichobaki kilikuwa kimoja, kile cha kichuguu. Mtu mmoja akakitaja, na kicheko kikakatika.

Hapo ndipo nilipoelezwa kwa nini hakuna aliyekigusa. Kichuguu kina mwenyewe. Shamba linaweza kuwa la fulani, likauzwa, likarithiwa, lakini kichuguu kinachotoa kumbikumbi ni cha ukoo uliokitunza, na hakuna mwingine anayeweka beseni pale. Hiki kilikuwa cha bibi wa Titye, alichoachiwa na mama mkwe wake. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, na mimi kwa mstari wangu mnyoofu nilikuwa nimepita katikati ya nyumba yake na kichuguu chake. Kwenye ripoti niliandika kisawazishwe.

Na kati ya watu wote duniani, bibi huyu na mama ndio wasioelewana. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mvua za kwanza zilinyesha, kumbikumbi wakaanza kutoka, bibi akachelewa kurudi kutoka sokoni, na mama, ambaye kwa kumbikumbi hana ujanja, akaenda na beseni lake. Bibi akamkuta. Akalipiga teke beseni, kumbikumbi wakamwagika, na akamwambia mama maneno kwamba asiye na ardhi hana kichuguu. Tangu siku hiyo walikuwa wakipeana "Mwakeye" asubuhi, kwa kuwa salamu haikataliwi, na baada ya hapo kila mtu anaendelea na njia yake.

Bibi akasogea mbele taratibu, magoti yake hayakuwa mazima. Akasimama mbele ya mama.

"Utakibomoa?" akamuuliza.

"Oya," mama akakataa. "Kikae."

"Kumbikumbi?"

"Ni wako. Mpaka utakapochoka."

"Na nikija kuvuna, utaniuliza nimefuata nini?"

"Sitakuuliza."

Bibi akanigeukia mimi. "Iandike hiyo kwenye ramani yako. Hapo juu udongo ni mgumu, jembe langu linajua. Nyumba yake haitapasuka."

Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kupiga mtaimbo. Alirudi akilalamika kwamba viganja vinamwaka, na uso wake ulikuwa unang'aa. Tulichimba lile shimo la goti, tukarudisha udongo, na ukabaki mwingi wa kujaza ndoo mbili. Mama aliuangalia ule udongo uliobaki muda mrefu, kisha akauchota kwa mkono akaunusa.

Kwenye mchoro wa mwisho nilichora duara dogo, nikaandika pembeni: kichuguu, haki ya kuvuna ni ya jirani. Ofisini Kibondo walinipigia simu kuuliza kama nimechanganyikiwa. Nikawaeleza. Yule mkubwa wangu, ambaye ni mtu wa Kakonko na kwa maneno ni bahili, akasema kwao kipo kichuguu kimoja ambacho kaka zake wamefikishana barazani, akaweka mhuri.

Nyumba ilijengwa kabla ya mvua. Ni vyumba vitatu na jiko la ndani, siyo kubwa. Baba alisimamia msingi mwenyewe na kuwasumbua mafundi mpaka mmoja akatishia kuacha kazi. Mbao zote za paa alizipaka oili chafu mara tatu kwa sababu ya mchwa, na nyumba ikanuka gereji kwa wiki kadhaa. Minyaa ya kona ya chini iling'olewa ikapandwa upya juu, wanawake wakaimba tena, na mimi nikanunua soda tena.

Mvua zilipoanza nilikuwa nimekuja likizo. Zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne baba akanichukua tukashuka mpaka kwenye migomba ya eneo la wazi. Katikati, pale ambapo ingekuwa sebule ya mama, ardhi ilikuwa imeshuka, maji yamesimama, vyura wanapiga kelele. Baba hakucheka safari hii. Tulipanda tena mpaka nyumbani, akapitisha kiganja chake kwenye ukuta mzima wa nje, pembe mpaka pembe, akitafuta ufa. Hakuupata. Akaenda kunywa chai.

Alasiri jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza. Walitoka kwenye kichuguu kwa mamia, mabawa yanameta, kuku wakarukwa na akili. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Nilimwona bibi anakuja kutoka kwake na mabeseni mawili, moja ndani ya jingine, akivuta miguu kwenye tope. Haki yake ilikuwa kwenye ramani, imepigwa mhuri. Angeweza kupita. Alifika kwenye minyaa akasimama, hakuvuka.

"Hodi," akaita.

Nikageuka kumwitikia. Mama akanishika mkono kwa nguvu, mkono wake una unga.

"Bibi anaita, mama."

"Nasikia," akanong'ona. "Mwache."

"Hodi, mwenye kiwanja!"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake, mwiko mkononi, macho yamejaa maji na meno yote nje. Umri wote ule, yeye ndiye aliyekuwa akiita hodi kwenye ardhi za watu. Kumbikumbi walikuwa wanaingia mpaka ndani, wanaangukia kwenye sufuria, naye hakuwafukuza.

Bibi akaita mara ya tatu. Ndipo mama akafuta mikono kwenye kitenge, akafungua mlango wote, akasema, "Karibu."